Kibao Kati ya Makucha

...na Irine anasoma kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisani, Sfinksi ni sanamu kubwa ya Misri ya kale, ina mwili wa simba na kichwa cha mtu, urefu wake ni mita sabini na tatu, na mimi nimekaa dawati la nyuma la darasa la sita, mguu mmoja nimeukalia umekufa ganzi, simu mapajani, na kwenye simu ujumbe wa Fundi Clemence kutoka Vudee, mwalimu nimeshapiga niru ya sementi kaburi la mzee, niandike jina gani, ikishika msumari hauingii tena... ameutuma dakika tisa zilizopita, na dakika tisa ni nyingi kwa sementi mbichi, hata kwa ubaridi wa kule juu milimani kwetu. Jina gani, kana kwamba baba yangu alikuwa na majina kumi. Alikuwa na mawili tu, Tumainieli alilobatiziwa na Walutheri wa Vudee, na Iddi alilojichukulia mwenyewe kwenye ziwa la Nyumba ya Mungu, alikokwenda kuvua nikiwa darasa la nne, akasema Krismasi narudi, kumbe Krismasi yake ilikuwa ya mbali, huko akasilimu, akaoa, akamzaa Chiku, akawa Mzee Iddi wa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa miaka thelathini na moja... Irine, polepole, nasema, wa nyuma hawakusikii, na wa nyuma ni mimi. Ndiyo Madam. Haikujengwa kwa mawe ya kubebwa, anasoma, walichimba mwamba uliokuwepo palepale, wakaondoa kilichozidi, simba akabaki, maneno yangu hayo, niliyaandika ubaoni wiki jana bila kuhisi chochote, kama ninavyofanya kila kitu tangu tumzike mwaka jana, nafundisha, nasahihisha, nakula, jioni nafua, watu wa Same wananipa pole nao wanaona nimeichukua vizuri. Nimeichukua vizuri kweli. Baba mdogo Sadock alipiga jana, akaanza na mvua, akaja kwenye mahindi, ndipo akafika alikokuwa anakwenda, Namkunda mwanangu, jina la kaburi hutolewa na mtoto wa kwanza, sikuingilii, lakini usituaibishe, ndugu yangu alizaliwa Tumainieli na amelala kwenye ardhi ya baba yake, hayo ya ziwani yaishie ziwani, nikasema sawa Baba mdogo. Chiku naye aliandika, yeye hapigi simu kwangu siku hizi, dada, mwili mlishachukua, siudai, naomba jina tu, na sikumjibu, kwa kuwa mtu ukishajibu umeshakubali kwamba umeulizwa. Hakuna maandishi ya wakati ule yanayosema uso huu ni wa nani, anasoma Irine, wataalamu wengi wanasema ni Farao Khafre kwa sababu imekaa kando ya njia iendayo kwenye piramidi lake, wengine wanasema ni baba yake, na hata jina waliloiita waliochonga halijulikani, Wagiriki waliita Sfinksi, Waarabu wakaita Abu al-Hol, baba wa vitisho... Kila aliyefika aliiita alivyotaka, yenyewe haikuulizwa. Darasa linacheka, Irine amegeuza karatasi ya manila na kwenye mchoro wake sanamu haina pua, ameifuta kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka, nyamazeni, nasema, pua ilivunjwa na watu kwa patasi, si kosa la mwenzenu. Bibi yangu hakuhitaji patasi wala msumari, alisimulia kwamba zamani mtu akishakaa kaburini muda wake, wenyewe walikitoa kichwa wakakipeleka pangoni, kwenye msitu wa ukoo, vikapangwa bila herufi hata moja, na kila kimoja kilijulikana ni cha nani kwa sababu aliyekibeba yupo hai, na akifa yupo aliyeambiwa naye, nikamuuliza sasa Bibi yule wa mwisho kabisa pembeni ni nani, akafikiri, akasema, ni wetu. Ni wetu. Ningemwambia Clemence aandike hivyo, au aandike Baba, sote wawili tulimwita Baba, mimi na Chiku, hakuna atakayekasirika... hapana, huo ni ujanja wa mwalimu, Baba si jina, ni njia ya kutotaja jina. Simu inatetemeka. Mwalimu, pembeni imeanza kushika. Na Irine yupo kwenye sehemu anayoipenda, anainua sauti, zaidi ya miaka elfu moja baadaye mwanamfalme Thutmose alilala kwenye kivuli chake, mchanga ulikuwa umeifunika sanamu mpaka shingoni, akaota inamwambia, niondolee mchanga nami nitakupa ufalme, akauondoa, akawa mfalme, akasimamisha kibao cha jiwe kati ya makucha yake, akaandika ndoto hiyo na jina lake mwenyewe. Mjanja huyo. Kamsafisha mwenye nyumba ili apate pa kujiandika, na nani angebisha, simba wa jiwe... na mimi nilikwenda ziwani na jeneza. Hilo sikumwambia mtu, hata mchungaji. Chiku alinipigia alfajiri, dada, Baba hatunaye, nikasema nakuja, nikakata, nikampigia Baba mdogo kabla sijalia, na sikulia tena, tukafika saa nane mchana na pikapu na jeneza lenye msalaba, naye alikuwa ameshaoshwa, ameshavikwa sanda, ameshaswaliwa, kaburi lao limechimbwa tangu asubuhi, wanaume wamesimama wametulia, na mzee mmoja akanipokea akasema, karibu mwanetu, tumekusubiri... Wao hawacheleweshi maiti. Asubuhi ileile angekuwa ameshazikwa, Iddi, kwa jina alilolichagua akiwa na akili zake, na mimi ningekuta udongo mbichi na chai. Walimwacha juu ya kitanda kwa sababu Chiku aliwaambia yupo dada yangu mkubwa, Namkunda, asizikwe baba yake kabla hajamwona. Walinisubiri mimi. Heshima yao ndiyo iliyonipa nafasi ya kumchukua, na nikamchukua, si kwa imani, nisijidanganye, nilitaka arudi nyumbani Krismasi, nilitaka mara moja tu awe baba wa darasa la nne, wangu peke yangu, nikawavunjia heshima wale watu wote mbele ya maiti yao... Ee Baba. Nauvuta mguu niliokuwa nimeukalia, damu inarudi, sindano sindano kuanzia kisiginoni, nauma meno, macho yananiloa na nasema ni mguu ingawa hakuna aliyeniuliza. Irine amemaliza, amesimama mbele na sanamu yake isiyo na pua, anasubiri. Madam, anasema, sasa jina lake la kweli ni lipi? Walilijua waliokuwa wanaiita kila siku, namjibu, na sisi hatukuwahi kuwauliza. Kidole changu kiko kwenye simu, naandika IDDI, kwanza Iddi, baada yake Tumainieli, Baba mdogo atapiga na nitapokea, kisha naona kwamba hata hapa najiandikia kibao, nafuta yote. Clemence, naandika, usingoje jibu langu, mpigie binti yake aliye ziwani, namba yake hii, andika atakalokuambia.