Anayeulizia Ömürkan

Mwalimu Mura alikuwa uani akichochea moto wa samovari, birika lake kubwa la chai, Alhamisi jioni, jirani yake Sadirbek alipochungulia juu ya ukuta.

"Dada, marehemu mama yako kapita tena," alisema. "Anamuulizia Ömürkan. Nimemwambia hapa hayupo."

"Si ndiye mimi, Sadirbek?"

"Wewe? Wewe si Mura toka shule?"

Kweli, toka shule. Mama yake alikuwa amezika watoto kadhaa kabla yake, ndipo binti huyu akampa jina Ömürkan, lenye neno uhai ndani yake. Kulitamka, lazima ubinue midomo kama unapuliza moto. Zinaida Pavlovna, mwalimu aliyeletwa kijijini kutoka Urusi, alijaribu siku ya kwanza, akashindwa, akacheka. "Utakuwa Mura, mwanangu." Vuli hiyohiyo mama akafariki. Zinaida Pavlovna akamchukua mtoto kwake, akamlisha, akamfundisha kusoma, akawa anamsuka nywele kila asubuhi. Kijiji kizima kikafuata ulimi wake.

Mura akatoka mbio. Alimkuta mama yake kwenye lango la jirani wa pili, mama akiwa kijana kuliko yeye, udongo wa kaburi ungali mabegani.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani, shangazi? Mimi natafuta binti yangu mdogo."

Sadirbek akafika akihema. "Ndiye huyu! Ndiye Ömürkan!"

"Acha aseme mwenyewe," mama alisema. "Mtoto wangu analijua jina lake."

Mura akabinua midomo. Maneno mengine yote yenye sauti hiyo aliyaweza tangu utotoni. Hili likatoka kama alivyofundishwa.

"Mura."

Akajaribu tena. "Mura."

"Haya, Mura, asante," mama alisema kwa upole, akabisha hodi nyumba iliyofuata.

Tangu hapo Mura humwachia lango wazi kila Alhamisi. Mama huingia, hunywa chai, huuliza kama Ömürkan amepita. Mura hujibu kwamba bado. Zinaida Pavlovna, ambaye sasa haoni na anatunzwa na Mura, humpapasia mgeni mkate na jamu.

"Mura wangu ana moyo mzuri," humwambia. "Nimemlea mwenyewe."

"Umemlea vizuri, mwalimu," mama humjibu. Kisha hujifunga kitambaa chake, akaenda kuulizia nyumba zilizobaki.