Eda Iliyompita Mwamini

Askari Hadji alitukuta mimi na mkwe wangu Mwamini tunaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni Rumonge. Hakuzunguka. Alisema mwanangu Asmani amefia Lindi, alikopelekwa na Wadachi kwa meli ya ziwani, kisha kwa miguu, kwenda kupigana vita visivyotuhusu. Homa ndiyo iliyomuua. Waislamu wenzake walimwosha na kumswalia, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Kisha nikamuuliza lini.

"Kabla ya Ramadhani, mama."

Idi zote mbili zilikuwa zimekwisha kupita.

Mwamini aliingia ndani, akavua bangili, akajitanda kaniki. Mwalimu Mbaraka alipokuja kutusomea hitima, alimweleza kwa upole kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo. Miezi minne na siku kumi zilikuwa zimeisha bila yeye kujua.

"Eda iko imeisha, mwanangu," alisema.

Mwamini aliangua kilio. "Eda yangu nimeichezea ngoma! Nilienda harusi kule Gatete na hina mikononi, bwana yangu iko kaburini!"

Nilikuwa na hasira siku hizo. Niliwakasirikia Wadachi, nikaikasirikia hata ile harusi, ingawa pilau yake nilikula.

Wiki haikuisha, kaka yake Mwamini, Nasoro, akaleta posa ya mchuuzi wa ndagala kutoka Magara. Alisema dada yake hana eda, basi anangoja nini? Mwamini alijikunja kwenye mkeka wa Asmani, uso ukutani. Nikajifunga kanga nikaenda kwa Mwalimu.

"Sheria inamulazimisha kukaa?"

"Hapana, Mama Asmani."

"Inamulazimisha kuolewa?"

"Hapana. Mjane hawezi kuozwa bila ridhaa yake."

Hilo lilinitosha. Nilimwambia Nasoro angoje, na kama mchuuzi hawezi kungoja, akaoe ndagala zake. Alinuna. Na anune.

Mwamini akakaa nami. Hatukuiita eda, maana Mwalimu ni mtu mzima na hatukutaka kubishana naye. Tulipika, tukaanika, tukamzungumzia Asmani. Mimi nilimweleza alivyokuwa akiogopa viboko wa ziwani utotoni. Yeye aliniambia Asmani alikuwa akikoroma, na akidai kwamba ni mimi ninayekoroma chumba cha pili. Mtoto mwongo yule! Nilicheka mpaka nikalia, na nilimtamani mwanangu hata sijui niseme vipi.

Masika yalipokwisha, Mwamini mwenyewe alisema mchuuzi aje. Nilimpaka hina kwa mkono wangu, nikamsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Mtumbwi ulipoondoka alilia kwa sauti, mikono kichwani. Wanawake walicheka, wakasema bibi harusi ana haya. Mimi nilijua anamlilia nani, nikawaacha waseme.