Mkono Uliobanwa kwa Ajili ya Moyo

Sajini Okeny alikuwa amekubali kupasuliwa kifua. Alichokataa ni kubanwa mkono.

Alikuwa amestaafu polisi mwaka uliopita, na mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba hata kuvaa viatu kulimmaliza pumzi. Sasa alilala akingoja upasuaji katika hospitali moja ya Kampala, na Daktari Lamunu alisimama kando yake na mkanda wa kupimia presha.

"Ugonjwa uko kifuani, daktari. Mkono umekosa nini?"

"Haujakosa, afande. Nitaubana damu isipite, dakika chache, kisha niuachie. Halafu tena, na tena. Mkono ukikosa damu kidogo, moyo nao hupata habari, ukajiandaa. Leo tutausimamisha moyo wako. Sitaki ushtukizwe."

"Una hakika?"

"Njia hii, wapo inaowasaidia, na wapo ambao hatukuona tofauti. Siwezi kukuapia."

Aol, mkewe, alikuwa akikunja shuka. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Oyat, makuruta uliwakimbiza, ukawapumzisha, ukawakimbiza tena. Walikulaani. Lakini siku ya kazi hawakuanguka."

Okeny akamtazama, kisha akanyoosha mkono.

Mkanda ukajaa upepo. Vidole vikapauka, vikafa ganzi. Lamunu alipoufungua, damu ilirudi ikichoma kama visindano. Akabana tena, akaachia tena. Mara ya mwisho Okeny mwenyewe ndiye aliyesema, "Kaza."

Katika chumba cha upasuaji, mashine ikapokea kazi ya moyo, nao ukatulia kabisa. Madaktari wakaunganisha njia mpya za damu. Walipourudishia damu yake, Lamunu alikuwa tayari na umeme wa kuushtua, maana mioyo iliyochoka hivyo mara nyingi hugoma. Huu ulitetemeka, ukapiga pigo moja, ukashika mwendo. Kisha muuguzi mmoja akacheka nyuma ya barakoa yake, na wote wakamfuata.

Vipimo vya kesho yake vilionyesha kwamba moyo haukuumia sana.

"Ni ule mkanda?" Aol akauliza.

"Huenda," Lamunu akasema, akitabasamu. "Mimi nitaendelea kuutumia."

Siku ya kuruhusiwa, waliletewa kiti cha magurudumu. Okeny akaweka mfuko wa nguo juu yake, akatangulia kutembea, kifua mbele, pumzi tele. Aol alikisukuma nyuma yake akipiga vigelegele, hadi wagonjwa wa wodi nzima wakainuka vitandani kumtazama mzee anavyopita.