Mtungi wa Kwarara wa Taesi

Siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kwanza wa mafuriko, mji mzima wa Khemenu hula tini na asali kwa heshima ya Thoti, mungu wa mwezi, na kila alambaye husema kwa sauti kwamba ukweli ni mtamu. Pamin alikuwa akiisema kauli hiyo kila mwaka tangu ana meno ya utotoni. Mwaka huu alijificha nyuma ya mapipa katika banda la wafungaji, akajitia kuchekecha magadi yaliyokwisha kuchekechwa jana.

Alikuwa anamkwepa mwanamke mmoja, Taesi, mjane msuka mikeka wa mtaa wa mferejini.

Kazi ya Pamin ilikuwa kufunga kwarara. Ndege hao weupe wenye shingo nyeusi ni wa Thoti. Akifa mmoja hutolewa matumbo, hufukiwa kwenye magadi mpaka akauke, hupakwa utomvu, huviringishwa kitani na kutiwa mtungini. Mtungi mmoja, ndege mmoja. Wakubwa wa hekalu walikuwa wamelirudia neno hilo mpaka likachosha masikio. Mwenye haja humnong'oneza ndege kabla mtungi haujazibwa, naye huifikisha haja hiyo kwa Thoti. Kisha mitungi hungoja ghalani mpaka siku ya pili ya sikukuu, ndipo hushushwa mahandakini chini ya jangwa na mlango ukapigwa tofali.

Taesi alimleta wake wakati wa joto kali. Alimwokota ndege huyo akiwa kinda, akamfuga uani miaka sita mpaka akafa. Haja yake ilikuwa binti yake Renpe, ambaye kila mwezi ukijaa alikuwa akianguka na kutoka povu. Pamin alimpokea ndege kwa mikono miwili, akamwambia mama yule asiwe na wasiwasi. Kisha mdogo wake Pamin akaoa ng'ambo ya mto, pombe ya shayiri ikanywewa siku tatu, na ndege akabaki kapuni bila kupata hata chembe ya magadi. Pamin aliporudi, banda lilikuwa halikaliki. Alimbeba huku ameziba pua, akaenda kumtupa mferejini kabla watu hawajaamka. Halafu akakaa chini, akatafuta matete, manyoya ya kuokota na tope, akafinyanga umbo, akalifunga, na Taesi alipokuja kunong'oneza haja yake akalinong'oneza hilo bila kujua. Alilifunga vizuri kuliko ndege yeyote aliyewahi kumfunga maishani mwake, na hilo ndilo lililomkosesha raha hata kuliko lile la kutupa.

Tangu hapo mwezi ulikuwa umejaa mara tatu, na Renpe hakuanguka. Taesi aliwaambia majirani, majirani wakawaambia jamaa zao, na asubuhi hii wanawake walikuwa wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na ndege wake kapuni, wakisema wanautaka mkono wa Pamin na si wa mwingine.

Jeho, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alijua yote. Pua alikuwa nayo.

"Mganga," akaita, "wateja wanakuulizia. Toka huko, utaatamia mpaka utotoe."

Pamin akasema hajamaliza kuchekecha.

"Ulimaliza jana." Jeho akachutama karibu yake, akashusha sauti. "Nisikilize, mzee mwenzangu. Mtoto mzima, mama yake anacheka, kesho mlango unapigwa tofali. Unataka nini tena?"

Pamin akaendelea kuchekecha. Lililomtisha si kufukuzwa tu. Aliogopa kwamba akifungua kinywa, ule ugonjwa utasikia na kurudi kwa yule msichana, na hapo atakuwa amewadhulumu mara mbili. Alikuwa bado analipima hilo Taesi alipoingia na bakuli lake, wanawake wa foleni nyuma yake.

Alimwona papo hapo. Akaweka bakuli chini, akapiga magoti, yeye mwanamke aliyemzidi Pamin umri, akainama mpaka paji likagusa udongo. Pamin akahisi uso unamwaka kama aliyeinamia tanuri. Alitaka kumwinua lakini akaona mikono yake haistahili hata kumshika bega.

Taesi akachovya tini, akamnyooshea. "Kula, kaka, useme."

"Mama Renpe," Pamin akasema, "mtungini hamna ndege."

Taesi akacheka. Akasema mtungi wake aliuona ghalani juzi tu, una muhuri na jina.

"Mna matete na tope. Ndege wako aliniozea. Nilikuwa nimelewa arusini. Nikamtupa."

Jeho akatazama vidole vya miguu yake. Taesi alikuwa bado ameishika ile tini, asali inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Ulimtupa wapi?"

"Mferejini."

"Mguuni alikuwa na uzi mwekundu. Renpe alimfunga."

"Alikuwa nao."

"Uliufungua?"

"Hapana."

Taesi akatikisa kichwa polepole. "Basi siku ile mimi nilimnong'oneza nani? Mambo ya nyumbani kwangu, ambayo hata marehemu mume wangu sikumwambia, niliyaambia tope?"

Mwanamke mmoja wa foleni akadakia kwamba mungu alisikia hivyo hivyo, kwani mtoto si amepona. Taesi hakugeuka. "Thoti ana mambo yake," akasema. "Mimi naongea na huyu."

Akataka mtungi wake. Mkuu wa ghala akaitwa, akauleta, akabandua muhuri mbele ya wote. Alisema maneno mengi, kwamba Pamin hatagusa kitani tena, kwamba kuanzia kesho atazoa mchanga mahandakini na vibarua. Pamin aliyasikia kama yanasemwa nyumba ya pili. Macho yake yalikuwa kwa Taesi, aliyekuwa anaifungua ile kazi kwa mikono yake mwenyewe.

Shuka la juu lilikuwa zima, kitani laini. Alilileta yeye, lilikuwa la mumewe. Chini yake zilifuata tepe za hekalu. Mwisho likatoka tope kavu na matete, na tete moja refu lililopindwa.

"Umemtengenezea mdomo," Taesi akasema.

"Ndiyo."

"Mzuri."

Angempiga ingekuwa afadhali.

Taesi akalikung'uta shuka, akashika pembe mbili, akamtupia nyingine mbili. "Shika huko."

Wakalikunja kama watu wanavyokunja nguo uani, wanavuta, wanakutana, wanarudi nyuma. Kila walipokutana Pamin alikuwa karibu naye zaidi, na kila mara alitazama chini. Hakuna mwanamke wa foleni aliyekwenda zake. Mara ya tatu vidole vyao vikagusana, na Taesi akazichukua zile pembe bila haraka, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. Akalitazama shuka, akamrudishia pembe mbili.

"Umeacha mkunjo," akasema. "Nyoosha."

Pamin akarudi hatua moja nyuma, akanyoosha.