Kanda Zilizokaushwa kwenye Sanduku la Vifaranga

Uvumi ule mama aliusikia saluni, kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, na mtu aliyeshikwa nywele hana pa kukimbilia. Msusi alikuwa akisimulia kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Alisema zipo kanda za bendi moja ya roki ya zamani, wale waliokuwa wakiitwa Radi, zimelala miaka na miaka chini ya ngazi za mpigapicha mmoja mstaafu, na kwamba mpiga ngoma wao aliyeanguka jukwaani akafa, hajatoka humo. Kila anayezifungua huanza kukohoa. Akishaanza kukohoa, hamalizi mwaka.

"Fundi wa televisheni aliyezihifadhi kabla ya mpigapicha, kaenda. Mdogo wake akazirithi, naye kaenda," msusi alisema huku akivuta fundo. "Sasa nasikia zimepata mtu wa tatu. Masikini, sijui ni mtoto wa nani."

Mama alijua ni mtoto wa nani. Alikuwa wake.

"Mbona umekakamaa, shoga? Nimekuumiza?"

"Hapana. Endelea tu."

Huyo binti ndiye kitindamimba wake, na watu walimwita Sikio kwa sababu tangu utotoni aliweza kukaa uani akakuambia redio ya jirani ina ubovu gani. Alifanya kazi studio miaka mingi, mpaka mpigapicha yule mstaafu pamoja na wanabendi wawili waliobaki hai walipomletea mfuko wenye kanda nne ili azinakili. Tatu zilikuwa za sauti, zilizorekodiwa ukumbini watu wakishangilia. Ya nne ilikuwa ya picha, nzito kama tofali, ya onyesho ambalo kituo cha televisheni kililirusha mara moja tu. Kituo chenyewe kilikwisha kufuta nakala yake kikarekodia mpira juu, maana zama hizo kanda zilikuwa adimu. Basi tofali lile likifa, hakuna atakayewaona tena watu wale wakicheza.

Kazi aliifanyia nyumbani, katika chumba cha nyuma. Chumba hicho zamani mama alikuwa akitotoleshea vifaranga, na sanduku lake la kutotolea lilikuwa bado pale: mbao pande zote, balbu nne, kipimajoto, na feni ndogo ya kuzungusha joto ndani. Sikio alilizunguka sanduku lile akilitazama kama mtu anayechumbia.

"Mama, niazime hili."

"La kufanyia nini?"

Akamweleza. Kanda ikizeeka, gundi yake hunywa unyevu wa hewa, ikanata. Ukiicheza hivyo hivyo, ile rangi ya kahawia yenye muziki inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na wimbo umekwenda. Dawa yake ni kuikausha kwa joto la polepole saa nyingi, nyuzi hamsini hivi, ndipo ikubali kuchezwa.

"Hamsini! Yai linataka thelathini na saba na kidogo. Hayo si kutotoa tena, ni kuchemsha."

"Si mayai, mama."

"Haya. Zikitotoa waimbaji, ujue wale wanakula kwako, si kwangu."

Walicheka wote wawili siku hiyo. Uvumi wa saluni ulikuwa haujamfikia mama.

Alipotoka saluni, mama hakucheka tena. Alimkuta binti yake ameketi mezani, anafuta kanda kwa kitambaa laini. Kingo za kanda zilikuwa na weupe kama unga uliomwagika, na kila alipofuta, weupe ule ulipaa kidogo ukaelea kwenye mwanga. Kisha alifanya jambo ambalo mafundi wote wa kanda hulifanya: aliinua kanda mpaka puani, akanusa kwa nguvu, ili ajue imeharibika kiasi gani.

"Zinanuka nini?" mama aliuliza mlangoni.

"Kabati lililonyeshewa."

Mama alimweleza yale ya msusi. Sikio alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema, "Kwa hiyo marehemu kakaa humo miaka yote anasubiri mtu wa kumkohoza. Hana shughuli nyingine?"

"Lisemwalo lipo, mwanangu."

"Na kama halipo laja. Najua. Likija nitalikaribisha kiti."

Kesho yake kanda ya kwanza ilitoka sandukuni, ikafungwa kwenye mashine, na nyumba ikajaa watu wasiokuwapo. Gitaa lilipiga yowe. Umati ulipiga kelele, wengine wao leo ni mababu, wengine wako makaburini. Na katikati yake sauti moja ya kijana ikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kabla ngoma hazijaanza. Mama alijua ni nani anayehesabu.

"Leo mna wageni?" jirani aliuliza akipita barabarani. "Mbona mnashangilia hivyo?"

Mama alijibu kwamba ni redio. Kisha aliingia chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akasukuma komeo, na kwenye upenyo wa chini ya mlango akasokomeza shuka kuukuu. Hakutaka mtaa usikie sauti ya marehemu inatoka kwake. Alitegemea binti atagomba kwa sababu ya joto, lakini Sikio alifurahi.

"Afadhali. Vumbi la barabarani ndilo adui wa kanda."

Mama alifunga kwa ajili ya midomo ya watu, binti akashukuru kwa ajili ya vumbi, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba feni ya sanduku ilikuwa ikizunguka mle ndani mchana kutwa. Hata vifaranga mama hakuwahi kuwafungia hivyo. Vifaranga aliwaachia matundu.

Homa ya kwanza ilikuja jioni ya siku ya tatu. Sikio alitetemeka mpaka kikombe kikagonga meno, akakohoa kikohozi kikavu, akasema ni uchovu. Asubuhi alikuwa mzima, akarudi chumbani. Jioni homa ikarudi. Mwisho wa wiki alipumzika, na homa nayo ikapumzika. Jumatatu alizigusa kanda, na Jumatatu ile ile jioni alikuwa chini ya blanketi.

Mama aliishia shule ya msingi, lakini kuhesabu alijua. Kwenye kalenda ya jikoni alianza kuchora duara kila siku ambayo kanda ziliguswa, na msalaba kila siku ya homa. Baada ya wiki tatu hapakuwa na msalaba hata mmoja uliokosa duara lake.

Sikio aliiona kalenda alipokuja kuchukua maji. "Mama, huyu marehemu wako ana ratiba? Jumamosi na Jumapili yuko likizo?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama anakatwa bima pia."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika meza mpaka kikapita. Mama alitazama mabega yake yanavyopanda na kushuka. Tangu siku hiyo alianza kuishi kwa masikio. Akimenya viazi, anasikiliza kikohozi. Akifagia, anasikiliza. Kikohozi kikichelewa, roho inampanda juu. Kikija, inampanda juu vilevile.

Walikwenda zahanati. Mhudumu alipima damu, hakuona kitu, akatoa vidonge vya homa na kusema binti apumzike. Mama alikuwa na kalenda imekunjwa ndani ya mkoba. Aliishika mpaka ikalowa jasho, lakini hakuitoa. Angesema nini? Kwamba mwanawe anaumwa na bendi? Mhudumu angemcheka, na binti angefadhaika kuwa na mama mshamba. Wakarudi na vidonge.

Alipoona vidonge havisaidii alikwenda kwa mpigapicha mstaafu mwenyewe, akamuuliza ana kwa ana juu ya wale wawili waliokufa.

"Wawili?" mzee yule alisema. "Amekufa mmoja. Yule fundi, kwa kifua, na sigara alivuta kama bomba la kiwanda. Mdogo wake yuko hai, anakata vioo mji mwingine. Watu wanapenda kuua watu."

"Hakukohoa?"

"Alikohoa. Alipoziacha kanda akapata nafuu. Ila pumzi yake haijarudi kama zamani. Ngazi moja, anakaa."

Mama alikwenda akitafuta faraja, akarudi na hofu iliyozaa. Alipofika alimwomba binti yake aziache. Alimwomba kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akakaa tu kitandani.

"Imebaki moja, mama. Ile ya picha. Jumanne naimaliza, Jumatano nazirudisha zote kwa mwenyewe. Siku moja tu."

"Siku moja inatosha kumzika mtu."

"Nitavaa barakoa. Haya?"

Jumanne ile kanda ya picha ilikuwa imekaushwa tangu juzi yake. Weupe wake ulikuwa mwingi kuliko wa zote tatu. Sikio aliingia asubuhi na barakoa usoni, mlango ukafungwa, shuka likasukumwa chini. Mama aliketi sebuleni akichambua mchele na kusikiliza. Alisikia ngoma, gitaa, kikohozi. Ngoma, kikohozi, kikohozi. Ilipokaribia saa sita mchana alisikia ngoma na umati, na hakusikia kikohozi. Alichambua mchele konzi moja nzima akisubiri. Ngoma ziliendelea. Kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

Sinia lilianguka. Mlango ulikuwa mgumu kwa sababu ya shuka lake mwenyewe, akausukuma kwa bega. Joto na harufu ya kabati lililonyeshewa vilimpiga usoni. Sikio alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye sanduku la vifaranga, barakoa iko shingoni. Miwani yake ilikuwa imepata mvuke, akaivua barakoa ili aone. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Mabega yalipanda mpaka masikioni na hewa haikuingia. Nyuma yake, kwenye kioo cha kompyuta, vijana wanne wenye nywele ndefu walikuwa wakirukaruka, jasho likiwatoka, wazima kabisa.

"Usi," binti alisema, akavuta pumzi. "Usi... zime."

Mama hakuzima wala hakuwasha. Alimshika kwapani akamburura mpaka uani, akaita majirani wale wale aliokuwa akiwaficha. Yule aliyeuliza habari za wageni ndiye aliyeleta gari.

Hospitali walimvisha Sikio kifaa cha hewa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka, na swali lake la kwanza lilikuwa: anafanya kazi gani? Sikio hakuweza kusema. Ikabaki zamu ya mama, naye safari hii hakuhesabu aibu. Alisema yote, kanda, marehemu, msusi, mdogo wa fundi, halafu akaitoa kalenda mkobani na kuikunjua juu ya shuka la hospitali.

"Najua utaniona mjinga," alisema.

Daktari alikuwa anafuata maduara na misalaba kwa kidole. "Siku asipozigusa, anapona?"

"Anapona."

"Na akizigusa, homa inakuja baada ya muda gani?"

"Asubuhi akigusa, jioni inakuja."

"Mama, hiki ni kipimo bora kuliko vyote alivyopimwa. Ungekileta mapema." Kisha akauliza, "Chumba hicho kina dirisha?"

Mama aliitazama sakafu. "Kinalo. Nililifunga mimi."

Daktari alimweleza taratibu. Ule weupe ni ukungu, jamii moja na wa mkate uliokaa. Ukikauka unakuwa vumbi jepesi lisiloonekana, na mapafu ya watu wengine hayalikubali kabisa. Yanavimba, yanaleta homa, na ukiendelea kuyalisha yanakauka, hayalainiki tena. Alishaona kwa watu wa maghala ya nafaka na watu wa mabanda ya ndege. Kwa kanda za muziki ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Kwa hiyo si marehemu?"

"Marehemu hana hatia."

Sikio alilala wodini siku kumi na moja. Mashine nyumbani ilikuwa imejiendea yenyewe, kompyuta ikanakili mpaka kanda ilipokwisha, na onyesho lote likapatikana isipokuwa wimbo wa mwisho, ambao ulinasa ukachanika. Lilirushwa tena kwenye televisheni. Wanabendi wale wawili walikuja kulitazama sebuleni, wakalia kama watoto. Mama alikaa upande wa binti yake na hakumwona mwimbaji wala mpiga gitaa. Alikuwa akihesabu pumzi. Picha ya kifua ilionyesha kovu upande wa chini, na daktari alisema kovu halifutiki, lakini pia halitakua, kama hatakutana na vumbi lile tena maishani.

Mwezi haujaisha, mtu asiyejulikana alisimama langoni na gunia. Alisema amesikia kwamba hapa wanafufua kanda, naye anazo za baba yake, thelathini, zimeota weupe kidogo tu. Sikio alikuwa amekwisha kuinuka kitini, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Mama alifika langoni kabla yake. Alimwambia yule mtu aweke gunia nje na asilifungue, akamwandikia mahali ambapo wanasafishia kanda ndani ya kabati la kioo lenye bomba la kuvuta hewa. Binti alikasirika, hakusema naye siku mbili. Mama alizivumilia. Kisha alichukua kalamu nene na karatasi, akabandika langoni maneno haya, nayo ni kwa yeyote mwenye kanda za zamani nyumbani:

Usifungue kanda yenye weupe ndani ya chumba.
Usiinuse. Hata kama mafundi wote wananusa.
Usiifute kwa kitambaa kikavu, wala usiipulize.
Usiikaushe kwa feni kabla haijasafishwa na mwenye vifaa.
Usifunge dirisha kwa kuogopa vumbi, wala kwa kuogopa majirani.
Usivue barakoa hata dakika moja. Miwani ikipata mvuke, toka nje.
Usirudi kazini kama homa inakuja siku za kazi tu.
Usimfiche daktari kazi unayofanya.
Usione haya kusema ulichokiona, hata kama hukusoma.