Kiti Kilichonyamaza

Siku ya kwanza ya likizo yangu ndefu, mdogo wangu, daktari wa meno, alifika nyumbani kwa mama na futi ya kupimia. Hakuja kunisalimia. Alikuja kupima kitanda cha mama, aone kama kitaingia kwenye chumba chake cha wageni huko ghorofa ya tatu, mahali ambapo mmea pekee uko kwenye chungu sebuleni, na wenyewe ni wa plastiki.

"Mama amekubali kuhamia kwangu," akaniambia.

Nikamgeukia mama. "Umekubali?"

"Popote tu," mama akasema, akaendelea kukunja nguo.

Neno hilo lilinitisha kuliko ile futi. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa popote tu. Ni mtu wa weka hapa, si hapo, nimesema hapa. Kwa miaka arobaini, kila kiangazi, jua likishapoa alichukua jembe dogo na ndoo, akazunguka pembe ya nyumba kwenda bustanini kugombana na nyanya zake. Baba naye alikaa kibarazani kwenye kiti chake cha kubembea, gazeti mkononi. "Mimi nasoma," alikuwa akisema. "Sina habari na majani yako." Mama alilalamika mpaka mezani kwamba mume wake hajawahi kuiangalia bustani hiyo hata kwa bahati mbaya.

Baba alifariki miezi minane iliyopita, na tangu siku hiyo mama hakukanyaga bustanini. Matuta yalikauka, magugu yakajitanua, jembe likabaki limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Mimi na mdogo wangu tukaafikiana, yaani mimi nilifoka na yeye akachoka. Likizo yangu ilikuwa wiki sita. Zikiisha mama hajarudi bustanini, anamchukua. Akirudi, futi inarudi mfukoni na nisiione tena.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Mmomonyoko wa udongo naweza kukueleza saa mbili bila kumeza mate, lakini kushika jembe ni habari nyingine. Nilichojua ni kwamba mama alilima wakati kile kiti kikiwa na mtu. Sasa kiti chenyewe kilikuwa stoo, maana siku ya tatu ya msiba mjomba, mtu wa mwili hasa, alikikalia na mkono mmoja wa kiti ukang'oka. Nikajipa moyo kwamba kiti kikirudi kibarazani, mama naye atarudi kwenye matuta. Msiniulize nilifikaje hapo. Nilikuwa na wiki sita.

"Kiacheni kilivyo," mama akasema aliponiona nakiburuta uani.

Nikatia pamba masikioni.

Jirani yetu ni fundi seremala, mtu anayeongea kwa kuguna. Alikubali kunifundisha kwa sharti kwamba mimi nisimfundishe yeye. Tulikifungua kiti kiungo kwa kiungo chini ya turubai. Gundi ya zamani ilikuwa imeganda ndani ya matundu kama jiwe, patasi haikupenya, ikabidi mdogo wangu alete vyuma vyake vya kusafishia meno. Alikuja kutucheka. Dakika kumi baadaye alikuwa amepiga magoti, anakwangua tundu baada ya tundu, na nilimsikia kwa masikio yangu akikiambia kiti, "Panua kidogo."

Ndipo fundi alipoviinua vile vipande viwili vilivyopinda vya chini, vinavyokibembeza kiti, akaviweka pamoja. Havikulingana. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa bapa. Hata ule mkono uliong'oka, wa kushoto pia, ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, wakati wa kulia ungali na rangi yake ya kwanza.

"Mwenye kiti alilalia upande," fundi akasema. Kwake hiyo ni hotuba. "Hapa tupaache."

"Alikuwa na mgongo mbaya," nikajibu, ingawa sijawahi kumsikia baba akilalamikia mgongo. "Hatupaachi. Kilichopinda tutakinyoosha."

Fundi akaguna. Tukabandika kipande cha mbao chini ya kile kilicholika, tukapiga randa mpaka pande zote mbili zikawa sawasawa, tukakaza kila kiungo kwa gundi mpya na kukifunga kiti kizima kwa kamba. Nilijiona fundi.

Asubuhi nilikuwa na kiti, jioni nilikuwa na bustani. Nilinunua miche ishirini ya nyanya nikaipanda mwenyewe, makusudi, mbele ya dirisha la jikoni. Siku mbili pazia lilikuwa limefungwa. Ya tatu mama akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hizo nyanya umezipanda au umezizika?"

"Njoo unionyeshe."

"Nina kazi."

Pazia likafungwa. Lakini kila nilipomwagilia lilitikisika, na siku niliyomwaga ndoo nzima kwenye mche mmoja nilisikia mtu akisonya jikoni.

Wiki ya tano kiti kilikuwa tayari. Nilikipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, nikakipaka vanishi mara tatu. Tulikiweka kibarazani juu ya mikwaruzo yake ya zamani ya sakafuni, na mdogo wangu akakaa na gazeti, wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti, akabembea.

Mama akatoka. Alikitazama kiti muda mrefu. Kisha akarudi ndani, akachukua jembe, akazunguka pembe ya nyumba. Nilikimbilia dirisha la jikoni. Alikuwa ameinama, anang'oa magugu, mkono huu na mkono huu. Nusura nipige vigelegele.

Haikufika dakika tano. Akasimama, kichwa ameinamisha upande, kama mtu aliyeita na anangoja kuitikiwa. Akangoja. Kisha akarudi, akalitundika jembe mahali pake.

"Kimependeza," akasema. "Lakini hakisemi."

"Kiseme nini, mama?"

"Kilikuwa kinalia. Kwii, halafu kimya, halafu kwii. Nikikisikia najua yupo, naendelea na kazi zangu." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Mmekitengeneza vizuri sana. Kimenyamaza kabisa."

Nilienda nyuma ya nyumba nikaipiga ndoo teke, na ndoo ilikuwa na maji. Kulikuwa na sauti moja tu ya baba iliyobaki kwenye nyumba ile, na mimi, mtoto wake wa kwanza, niliifuta kwa msasa. Nililia hapo, miguu imelowa, kisha nikavuka barabara kwenda kwa fundi.

"Miaka thelathini naondoa milio," fundi akasema. Alikasirika kwelikweli. "Leo niirudishe?"

Tukajaribu bila yeye. Tulilegeza hapa, tukakaza pale, tukanyunyiza unga wa chaki kwenye viungo. Mdogo wangu alibembea mpaka akashikwa na kizunguzungu. Mama alikubali kusimama bustanini awe hakimu, na hukumu zake zilitufikia kutoka nyuma ya pembe ya nyumba.

"Huyo ni bata."

Tukakaza.

"Huyo ni mlango wa choo."

Tukalegeza.

"Huyo simjui kabisa."

Alikuwa anacheka, nilimsikia. Lakini kila akimaliza kuhukumu alirudi ndani. Zikabaki siku tatu, na mdogo wangu alikuwa ameshaagiza gari la kubebea kitanda. Hakuringa. Alisema tu, "Dada, tumejaribu," na hilo liliniuma zaidi.

Jioni ile mama alikuwa tena bustanini, anangoja kuhukumu, fundi alipoingia getini peke yake, patasi mkononi. Alikipindua kiti, akabandua kile kipande cha mbao tulichoongeza, akakilegeza kiungo cha kushoto kwa ncha ya patasi, taratibu, kama anayetoa mwiba. Akakisimamisha.

"Kama kilivyokuwa," akasema, akanikazia macho. "Kama nilivyosema."

Mdogo wangu akakaa, akabembea. Kimya.

"Toka," nikamwambia, nikakaa mimi, nina hasira za wiki sita. Kimya vilevile. Mbele yangu kulikuwa na nguzo ya kibaraza, na nyuma ya nguzo kona ya nyumba. Hapo nikasikia kitu kikichomolewa udongoni, halafu kingine. Mama alikuwa anang'oa miche yangu aipande upya. Nikaegemea kushoto ili nione nyuma ya nguzo, kiwiko kwenye ule mkono uliowahi kung'oka.

Kwii.

Bustani yote ilikuwa mbele ya macho yangu: matuta, ndoo, na mama ameinama, kitambaa chake cha kichwa kinapanda na kushuka. Nikarudi wima. Nguzo. Nikaegemea. Kwii. Mama.

Baba angeweza kukisogeza kiti hatua mbili akaona kila kitu. Lakini kusogeza kiti kungekuwa kukiri, na baba hakuwa mtu wa kukiri. Badala yake aliegemea miaka arobaini mpaka mbao ngumu ikalika.

"Huyo," mama akaita. "Huyo ndiye. Mmefanyaje?"

"Njoo ukae, mama."

"Nina udongo."

"Njoo na udongo wako."

Akaja. Akakaa kwa uangalifu, kwa sababu hakuwahi kukikalia; kilikuwa cha mwenyewe. Nikamwambia aegemee kushoto. Kwii. Akabaki hivyohivyo, anaangalia matuta yake. Akarudi wima, akaiona nguzo. Akaegemea tena.

"Gazeti," akasema polepole. "Mwongo yule."

Mdogo wangu alianza kucheka, akaacha.

"Kila nikigeuka naona nguzo tu," mama akasema. Alijifuta jicho, tope likabaki shavuni. "Miaka yote hiyo ananiangalia, na mimi nimempa mgongo."

Fundi aliguna, akaiangalia patasi yake kama ndiyo kwanza anaiona.

Mama akainuka, akamsukuma mdogo wangu kitini. "Kaa. Na uegemee vizuri, usikae kama unangoja kung'olewa jino."

"Na gari la kesho kutwa, mama?"

"Lirudi lilikotoka. Nyanya zikizaa nitamwachia nani, huyu anayezika?"

Akachukua jembe. Akalipita tuta alilokuwa akilianzia siku zote, lile la karibu na nyumba, akaenda mpaka ukutani, mwisho kabisa wa bustani. Huko akageuka, akajifunga kitambaa upya, akainama, akaanza kulima akija upande wetu, uso umeelekea kibarazani.