Udi wa Ijumaa

Tangu Jumanne, alipoiona shingo ya Marhoun katika soko la Nizwa, Oman, Sleyum alikuwa akienda kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto yake haijesha. Ofisini aligonga mihuri pasipo pake. Chai aliitia chumvi, akainywa yote. Shingo ile angeitambua hata peponi, ikiwa yeye atafika huko, jambo alilolitilia shaka mwenyewe.

Walipendana Unguja, wangali vijana, mapenzi ya kufichwa yasiyopata hata jina. Mwaka wa sitini na nne waliahidiana kuondoka pamoja, na Marhoun akapanda meli peke yake. Alifikia kwa ami zake Ibra, mji mwingine wa Oman, wakamwoza, mke akarudi kwao bila ugomvi, naye akabaki mwalimu wa hesabu asiyecheka. Sleyum alitangatanga Dar es Salaam, hakuoa, mpaka mwaka juzi ndipo alipohamia Oman. Mmoja aliachwa, mwingine aliacha. Na anayeacha naye huumia jamani, ila yeye hapewi pole.

Sasa, miaka kumi na minane baadaye, Marhoun, aliyealikwa palepale sokoni, alikuja kula kwake baada ya sala ya Ijumaa. Sleyum alikuwa na haja moja tu: amwombe msamaha, kisha amwombe arudi kwake. Walikula wali. Nje maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yalipita chini ya mitende, na sauti yake ikaingia chumbani, ikawalegeza. Jua lilitambaa mkekani taratibu mno, hata ikawa kama saa zimesahau kazi yake. Marhoun alitabasamu. Mkono wake ulilala karibu na wa Sleyum, na Sleyum akahisi joto lake bila ya kuugusa.

Akaona bora amkirimu kwanza. Udi alitaka kumpokea nao mlangoni, lakini makaa yalikuwa hayajashika. Akakimbilia jikoni, akachagua kipande kizuri kuliko vyote, akarudi na chetezo kinafuka, moyo umemjaa.

Marhoun aliutazama ule moshi, uso ukamsawijika. Akafukiza kilemba chake kwa adabu, akasimama.

"Ahsante kwa ukarimu," alisema. "Nimefahamu."

Akatoka.

Sleyum alibaki na chetezo mkononi kama bwana harusi aliyekimbiwa. Amekosa nini? Kisha akakitua chini, akatoka mbio, hata viatu hakuvikumbuka. Alimkuta kwenye kituo cha magari, keshaingia katika teksi ya Ibra, kabanwa na watu wanne: wanaume watatu na bibi mmoja aliyejitanda buibui.

"Marhoun! Nimekufanya nini?"

"Umeniletea udi, Sleyum."

"Ee! Nimekuletea udi!"

"Huku mgeni akiletewa udi, ameambiwa nenda. Baada ya udi hapakaliwi. Hata mtoto anajua."

"Wallahi mimi sikujua! Kwetu udi ni makaribisho!"

Marhoun alifumba macho. "Basi umekosea tu. Lakini na siku ile bandarini? Ulikosea pia?"

Dereva alipiga honi. Wale abiria walitazama mbele, Waarabu wa Oman bara, na Sleyum akajipa moyo kwamba Kiswahili hawakijui. Alikamata dirisha la gari kwa mikono miwili.

"Siku ile nilikuja," alisema. "Nilijificha nyuma ya magunia ya karafuu, nikakuona unanitafuta. Niliogopa watu, Marhoun. Niliogopa watatuona, nikakuacha uende. Miaka yote hii kumi na minane sijapata kumpenda mtu mwingine. Nisamehe, na ukiweza, rudi."

Machozi yalimshuka Marhoun mpaka ndevuni, na mkono wake ukashika kitasa cha mlango, ukaganda hapo. Aliwatazama watu waliomzunguka, akaona haya.

"Yallah, ya akhi!" dereva alifoka.

Yule bibi wa nyuma akakohoa.

"Shuka, mwanangu," alisema, kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja. "Usikae hapo miaka kumi na minane mingine. Mwenzio anaungua nyayo."

Siri ya Sleyum sasa ilikuwa na shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa akijisogeza pembeni, akikusanya buibui lake ili mtu apate kupita.

Marhoun akafungua mlango, akashuka.